Foleni ya wanafunzi 40 na mpira mmoja: ufundishaji wa kiprogramu katika soka la sekondari

Tupige hesabu ya kipindi kimoja cha michezo. Kipindi ni dakika 40, na kidato cha pili wako 40. Kutoka darasani, kubadili nguo na kufika uwanjani kunakula dakika 10, na hapo mwalimu awe mkali. Zinabaki 30. Mwalimu anawapanga mistari miwili inayotazamana, anatoa mpira, anasema leo tunajifunza pasi. Kila pasi, ukijumlisha na kuukimbilia mpira uliopotea, inachukua kama sekunde 10. Dakika 30 ni sekunde 1,800, kwa hiyo zinapigwa pasi 180. Gawa kwa watu 40: kila mmoja ameugusa mpira mara 4 au 5. Asiyejua amepiga kwa ncha ya kidole mara zote, mpira umeingia kichakani, wenzake wamecheka, kengele imelia.

Nimekuwa mwalimu wa michezo, na foleni hiyo nimeipanga mwenyewe kwa miaka. Nilikuwa nasema tatizo ni mipira. Lakini ukweli ni kwamba stoo mlikuwa na mipira minne, na siku nyingi nilitoa mmoja tu. Sababu ilikuwa rahisi: mistari minne ikipiga mipira minne, mimi ni mmoja, nitamtazama nani? Kilichokosekana pale ni macho. Nililielewa hilo baada ya kukutana na kitu kinachoitwa ufundishaji wa kiprogramu, na ndicho ninachotaka kukifafanua hapa, kwa sababu jina lake linatisha bure na historia yake inachanganya watu.

Njia hii ilianzia kwenye somo la hesabu. Mwaka 1953 mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, B. F. Skinner, alikwenda shuleni kwa binti yake siku ambayo wazazi walialikwa kutazama masomo. Mambo mawili yalimkera. Darasa zima lilikwenda mwendo mmoja, mwepesi akisubiri na mzito akiachwa nyuma. Halafu hakuna mtoto aliyejua papo hapo kama jibu lake ni sahihi. Daftari lilikusanywa, likasahihishwa, likarudi wakati mtoto ameshasahau alivyofikiri. Skinner akaunda sanduku la kufundishia. Swali moja lilitokea kwenye kidirisha, mwanafunzi akaandika jibu, akavuta kidude, jibu sahihi likaonekana, kisha swali la pili likafuata, gumu kidogo tu kuliko la kwanza. Mwaka 1958 aliandika juu ya mashine hizo katika jarida la Science, na kwa miaka michache Marekani nzima ilizizungumzia. Baadaye masanduku yakaachwa, maswali yakahamia kwenye vitabu, na kufikia miaka ya 1970 wengi walishaona kwamba mtindo umepita. Wazo lenyewe halikupita. Kila programu ya simu inayokuuliza neno moja la lugha ngeni na kukujibu papo hapo ni mjukuu wa sanduku lile.

Kuna kisa cha nyuma zaidi ambacho mtu wa soka atakipenda. Mwaka 1943, ghorofani kwenye kinu cha unga huko Minneapolis, Marekani, Skinner na wenzake wawili walitaka kumfundisha njiwa kusukuma mpira mdogo wa mti kwa mdomo. Walikaa wakimsubiri aupige ili wampe punje. Hakuupiga. Basi wakabadili utaratibu: akiutazama tu mpira, anapata punje. Kisha mpaka ausogelee. Kisha mpaka auguse. Baada ya dakika chache njiwa alikuwa anaupiga mpira unagonga kuta za sanduku huku na huko. Hakuna kilichobadilika kwa njiwa isipokuwa kwamba wale waliokuwa wakisubiri kitendo kilichokamilika walikubali kuanza na kipande chake.

Ukichukua kisa cha njiwa na kisa cha darasa la hesabu, una karibu kila kitu. Stadi inavunjwa vipande vidogo vinavyofuatana. Kila kipande kinamtaka mwanafunzi afanye jambo, kutazama peke yake hakutoshi. Anajua matokeo hapo hapo. Haendi kipande cha mbele kabla ya kufikia kiwango kilichotajwa. Na anakwenda kwa kasi yake. Jambo lingine ambalo watu husahau ni kwamba waandishi wa programu hizo walizijaribu kwanza kwa wanafunzi halisi, na swali lililokosewa na wengi liliandikwa upya. Wanafunzi wakikwama mahali pamoja, anayeulizwa ni aliyeandika.

Sasa tuingie uwanjani, kwa sababu hapa ndipo walimu wengi hukosea. Katika hesabu jibu ni moja na liko kwenye karatasi. Katika soka majibu ni mawili. Jibu la kwanza ni mpira wenyewe: umefika kwa mwenzako au haukufika. Hilo kila mtu analiona. Jibu la pili ni mwili: mguu wa kusimamia ulikuwa wapi, kifundo kilikazwa au kililegea, kiwiliwili kiliinama mbele au kilirudi nyuma. Hilo mpigaji mwenyewe halioni. Mtu anaweza kupiga kidoleni na mpira ukafika, akaondoka akiamini anajua. Mwingine amefanya kila kitu sawasawa, jiwe dogo limeupotosha mpira, naye anaondoka akiamini hajui. Kwa hiyo programu ya soka isiyo na mtu wa kutazama mwili ni nusu programu.

Mtu huyo si lazima awe mwalimu; anaweza kuwa mwanafunzi mwenzake aliyeshika kadi ya maelekezo. Nitaonyesha kadi moja niliyokuwa nikiitumia, iliyoandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi:

Kadi ya 3. Pasi ya ndani ya mguu, mpira umesimama.

Weka mawe mawili, nafasi ya mita 1 kati yake. Simama mita 5 kutoka kwenye mawe. Weka mguu wa kusimamia ubavuni mwa mpira, ncha ya kiatu ikielekea kwenye mawe. Piga kwa upande wa ndani wa mguu, kifundo kikiwa kimekazwa. Piga 10.

Mwenye kadi: hesabu mipira iliyopita katikati ya mawe. Tazama kitu kimoja tu, mguu wa kusimamia. Je, uko ubavuni mwa mpira au nyuma yake?

Akipata 8 na mguu uko mahali pake, nendeni kadi ya 4. Mpira ukiruka juu, kadi ya 3A. Ukienda pembeni, 3B. Ukikosa nguvu, 3C.

Angalia maneno "kitu kimoja tu". Kadi yangu ya kwanza ilimtaka mwenye kadi atazame mambo sita: kichwa, mikono, goti, mguu wa kusimamia, kifundo, mguu ukimalizia. Hakuna aliyeweza. Kijana wa miaka 15 hawezi kuona mambo sita katika nusu sekunde, na mimi pia siwezi. Nilipobakiza moja kwa kila kadi, walianza kusema mambo ya kweli.

Zile 3A, 3B na 3C zina historia yake. Skinner alitaka programu ya mstari mmoja, hatua ndogo kiasi kwamba mwanafunzi karibu asikosee. Norman Crowder, aliyehusika na mafunzo ya mafundi wa Jeshi la Anga la Marekani, aliona vingine. Kwake kosa ni habari. Ukichagua jibu lisilo sahihi, ukurasa unaofuata unakueleza ulichokosea wewe hasa, kisha unakurudisha njiani. Hiyo inaitwa programu ya matawi. Nimezijaribu zote mbili, na kwa soka naegemea upande wa Crowder, kwa sababu mpira unasema kosa lako kwa uwazi ambao hesabu haina. Mpira uliopaa mara nyingi unamaanisha umeegemea nyuma, au mguu wa kusimamia umebaki nyuma ya mpira, au umeupiga chini ya katikati yake. Uliokwenda kando unamaanisha ncha ya mguu wa kusimamia ilielekea kwingine, au ndani ya mguu haikutazama shabaha. Uliokufa njiani mara nyingi ni kifundo kilicholegea. Kila tawi ni zoezi la dakika 2 au 3 la kurekebisha hilo peke yake. Kwenye 3A, kwa mfano, mwanafunzi anapiga mpira ukae chini huku kifua kikiwa juu ya mpira, akianzia mita 2 tu. Anarudi kadi ya 3 na kujaribu tena.

Kabla ya kadi ya kwanza kuna jaribio la kuingilia, na hili lisirukwe. Darasani mna vijana waliocheza chandimu tangu hawajaanza shule, mna wasichana waliopelekwa kwenye netiboli bila kuulizwa, mna na yule aliyekaa chini ya mti kila kipindi cha michezo kwa miaka saba. Ukiwaanzisha wote kadi ya 1 unawachosha wa kwanza, na ukiwaanzisha wote kadi ya 6 unawaaibisha wa mwisho. Jaribio la dakika 10 linamwambia kila mmoja aanzie wapi.

Jaribio hilo pia lina mambo yake. Nilikuwa na kijana mmoja, fundi wa chenga, mtaani kwao walimjua kwa kupiga tobo. Aliruka kadi tano za mwanzo bila shida. Kadi ya 6 ni ileile pasi ya ndani, lakini kwa mguu wa kushoto. Akakwama siku tatu. Mwenye kadi wake alikuwa msichana ambaye hakuwahi kucheza mpira, aliyeanzia kadi ya 1 na kuzipanda moja moja. Yeye kadi ya 6 aliipita siku ya kwanza, kwa sababu kwake miguu yote miwili ilikuwa migeni sawa. Nilisimama nyuma yao nikasikia akimwambia, "Mguu wako wa kulia umeuacha nyuma tena. Uko huku, na mpira uko kule." Kijana akasema, "Hebu tazama tena." Akapiga. "Nyuma," akasema yule msichana. Akapiga tena. "Hapo sawa." Ule wa "hapo sawa" ulipita katikati ya mawe. Mimi sikuwa nimesema neno.

Nikiwa na makundi manne ya watu 10, mipira minne, na dakika 25 za kazi, pasi zinachukua kama sekunde 6 kwa kuwa umbali ni mfupi na nyuma ya mawe kuna mtu wa kuurudisha mpira. Hiyo ni kama pasi 250 kwa kundi, 25 kwa kila mwanafunzi. Mipira ni ileile iliyokuwa stoo. Wasiopiga wana kazi: mmoja ana kadi, mmoja anaandika, wengine wanapiga danadana kwa mpira wa makaratasi wakisubiri zamu. Na mwalimu amepata kitu ambacho foleni haikuwahi kumpa, dakika 5 mfululizo za kukaa na mwanafunzi mmoja aliyekwama.

Nisipotaja ugomvi uliopo nitakuwa sijafafanua kitu. Wataalamu wa mwendo wa mwili wana mashaka ya kweli na mambo mawili katika programu ya aina hii.

La kwanza ni mrejesho wa kila pigo. Skinner aliutaka uje kila mara na papo hapo. Lakini katika miaka ya 1980 watafiti wa stadi za mwili, Richard Schmidt akiwa mmoja wao, walieleza kwamba mtu anayeambiwa kosa lake kila anapofanya anakuja kuutegemea mrejesho. Unafanya kazi kama mkongojo. Siku hauletwi, anayumba, kwa sababu hakujifunza kuhisi mwenyewe. Hili nimeliona: wanafunzi wanapiga, kisha wanageuka kumtazama mwenye kadi kabla hata mpira haujafika. Dawa yake ni kupunguza kwa ngazi. Kadi za mwanzo, mwenye kadi anasema baada ya kila pigo. Kadi za kati, baada ya mapigo matano. Kadi za juu, mpigaji anasema kwanza alichohisi, ndipo mwenye kadi anasema alichoona. Hatua hiyo ya mwisho ina thamani kuliko zote, maana kijana anayeweza kusema "nimeegemea nyuma" kabla ya kuambiwa ameshaanza kujifundisha.

La pili ni kurudiarudia kitu kimoja. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan walichapisha utafiti ambao walimu wote wa michezo wangepaswa kuujua. Waliwafundisha watu miondoko mitatu ya mkono. Kundi moja lilimaliza mwondoko wa kwanza ndipo likaingia wa pili, kundi jingine liliichanganya bila mpangilio. Wakati wa mazoezi, lililorudia kitu kimoja lilifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baadaye, walioichanganya ndio waliokuwa wamekumbuka zaidi. Hii inaigusa programu moja kwa moja, kwa sababu 8 kati ya 10 leo jioni inaweza kuwa 4 kati ya 10 wiki ijayo. Kwa hiyo kila kadi ya nne kwangu ni ya kuchanganya: pasi, kutuliza, pasi ya mguu mwingine, kukokota, bila kufuata mpangilio, na kiwango cha kupita kinashushwa hadi 6. Na hakuna kadi inayohesabika imepitwa mpaka irudiwe baada ya wiki moja.

Kisha kuna swali kubwa kuliko yote: je, kadi inaingia kwenye mechi? Mwaka 2002 Phillip Ward na mwenzake walichapisha utafiti juu ya wachezaji watatu wa timu ya wasichana ya sekondari huko Marekani. Waliwawekea malengo, wakawapa mrejesho wa mdomo, na kubandika matokeo yao hadharani. Mbinu hizo ni ndugu wa karibu wa programu. Mazoezini wote watatu walipanda. Kwenye mechi, kupanda kule kulionekana kidogo tu. Ukiwauliza makocha watakwambia hawashangai. Mazoezini mpira unatulia unakusubiri, beki hayupo, na unajua utafanya nini kabla hujakimbia. Mechi ni kuamua kwanza, mguu baadaye.

Waingereza wawili, David Bunker na Rod Thorpe wa Chuo Kikuu cha Loughborough, walishalisema hilo mwaka 1982 walipopendekeza kuanza na mchezo wenyewe. Mpe mwanafunzi mchezo mdogo, aone tatizo, ndipo umfundishe stadi ya kulitatua. Wapo wanaodhani lazima uchague kati yao na Skinner. Mimi nadhani wanajibu maswali tofauti. Mchezo mdogo unamfundisha kijana wakati wa kutoa pasi. Haumfundishi msichana ambaye mguu wake haujawahi kugusa mpira namna ya kuutoa, kwa sababu katika mchezo wa 4 kwa 4 wenye ujuzi hawampi mpira, na asipopewa hajifunzi. Yeye anahitaji kadi. Na fundi wa chenga anahitaji mchezo uliowekewa masharti.

Kwa hiyo kadi zangu za juu ni michezo. Kadi ya 9 ni watu watatu wanaomzungusha mmoja aliye katikati, na mwenye kadi hahesabu pasi zilizofika. Anahesabu mara ngapi mpokeaji alitazama pembeni kabla mpira haujamfikia. Kadi ya 10 inasimamisha mchezo na kuuliza: beki amekuja upande wako wa kulia, mwenzako yuko wazi kushoto, unafanya nini? Ukisema chenga, kuna tawi. Ukisema pasi ya kulia, kuna tawi. Unajaribu ulilolisema na unaona lilivyoisha.

Kuandika kadi hizi kunachosha, nisikufiche. Pasi peke yake ilinichukua likizo nzima, na kadi ya 4 niliiandika mara tatu kwa sababu kila kundi lilikwama hapo. Mwalimu mwenye vipindi 28 kwa wiki hawezi kuandika soka lote kwa mwaka mmoja, wala asijaribu. Aanze na pasi na kutuliza, halafu azibadilishane na shule jirani. Kadi hazina hatimiliki. Na mwalimu anayeandaa timu ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, asizidharau akidhani ni za wasiojua. Wale walioteuliwa ndio wanaohitaji zaidi kadi ya mguu wa kushoto.

Yule kijana wa tobo, kwa mfano. Aliipita kadi ya 6 siku ya nne, akairudia baada ya wiki, akapata 9. Ijumaa tulicheza mechi ya darasa. Mpira ulimjia kushoto mara saba, na mara zote saba aliuzungusha hadi kulia, akanyang'anywa mara tatu. Sikumwambia kitu. Jumatatu niliandika kadi ya 11: mchezo wa 4 kwa 4, unacheza pembeni kushoto, na pasi yako inahesabika ikitoka mguu wa kushoto tu. Mwenye kadi wake alikuwa yuleyule. Siku ile alipiga mbili. Wiki iliyofuata, kwenye mechi ya kawaida isiyo na masharti, mpira ulimkuta kushoto karibu na mstari, beki akiwa amemsogelea, naye akautoa kwa ndani ya mguu wa kushoto kwenda katikati, chini chini, bila kuuzungusha. Nilitazama pembeni mwa uwanja. Yule msichana alikuwa ameinamia daftari lake, anaandika.